Nyonga Mpya ya Severina na Salamu za Bibi Lusia

Severina Kalinga hakuujua mwaka aliozaliwa. Alijua tu kwamba alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni wakati Waingereza walipokuwa bado wageni katika mji wa Iringa. Kijiji chao kilikuwa kwenye mteremko juu ya Ipogolo, mahali ambapo asubuhi za kipupwe ukungu hupanda kutoka mto Ruaha Mdogo na kuzifunika nyumba mpaka madirishani. Alisoma kwa masista miaka minne, akajifunza kusoma, kuhesabu, kushona, na kuimba kwa Kilatini mambo ambayo hakuyaelewa lakini aliyapenda mno. Akiwa na miaka kama kumi na minane aliolewa na Yohane, mwana wa pili wa Bibi Lusia.

Bibi Lusia alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye ulimi uliowatia hofu hata majumbe. Mkwe na mkamwana hawa hawakupendana mara moja. Upendo wao ulianza mwaka Yohane alipokwenda kwenye migodi ya Afrika Kusini, akakaa miaka minne bila barua wala habari. Ndugu wa ukoo wakakutana, wakasema mke arudishwe kwao, maana mume amepotea. Bibi Lusia akasimama mlangoni na mchi mkononi.

"Aliyepotea ni mwanangu," aliwaambia. "Huyu hajapotea, yupo humu ndani. Mnataka nipoteze wawili?"

Wakaenda zao. Mwaka wa tano Yohane akarudi, akiwa na kikohozi na gramafoni. Wakajaliwa binti mmoja, Lea, na wakaishi kwa amani mpaka Yohane alipofariki. Severina akabaki pale pale, karibu na mkwe wake, wajane wawili wenye moshi wa jiko unaochanganyikana angani.

Katika nyanda hizi mwanamke hamsalimii mkwe wake akiwa amesimama. Hushusha mzigo wake, huteremka kwa magoti, huinamisha uso, ndipo husema, "Kamwene, mama." Naye haondoki hapo mpaka salamu zote zimekwisha: za watoto, za wagonjwa, za shamba, za mifugo. Severina alimsalimia hivyo Bibi Lusia kila siku kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano, na tangu siku ile ya mchi mlangoni hakufanya hivyo kwa desturi tu. Ilikuwa ndiyo shukrani yake, kwa kuwa nyingine hakuwa nayo.

Kisha nyonga yake ya kulia ikaanza kuuma. Mwanzoni iliuma kama jino, inakuja na kuondoka. Baadaye ilikuja ikakaa. Mwaka wa kwanza aliacha kucheza ngoma. Mwaka wa pili aliacha kwenda kisimani. Mwaka wa tatu magoti yalikataa, na Severina, mama wa watu, akamsalimia mkwe wake akiwa amesimama kama askari wa zamu.

"Salimia hivyo hivyo," Bibi Lusia alimwambia. "Mguu wako ndio uliokosa adabu, si wewe."

Severina alinieleza jambo hilo baadaye, akicheka. "Alinisamehe siku ile ile. Mimi ndiye niliyekataa kusamehewa."

Watu walipohamishiwa katika vijiji vya pamoja, nyumba ya Bibi Lusia ilijengwa juu ya kilima na ya Severina chini, karibu na barabara. Hatua mia mbili ziliwatenganisha. Kwa Severina zilikuwa safari ya karibu saa nzima, na mara nyingi aliishia katikati, akashika mti, akarudi. Bibi Lusia alikuwa amekwisha kupita miaka themanini, na kila masika alianza kuwaaga watu kana kwamba gari lake limefika. Severina alitaka jambo moja tu kabla ya hapo: ampigie magoti tena yule mama.

Mwaka 1976, mganga mmoja wa Iringa alimpiga picha ya eksirei, akamwonyesha jinsi kichwa cha mfupa kilivyolika. Akamwambia kwamba katika hospitali moja ya misheni, upande wa Mbeya, yuko daktari anayekuja mara mbili kwa mwaka na kuweka nyonga mpya kwa watu. Hospitali hiyo ndiyo niliyokuwa karani wake, na kwa kuwa nilikulia Iringa na kukijua Kihehe, nilikuwa pia mkalimani wa wagonjwa wa kutoka huko. Ndivyo nilivyomfahamu Severina: akiingia uani mwetu asubuhi moja ya Julai, mkono mmoja begani kwa Lea, mwingine kwenye fimbo, amevaa koti la marehemu mumewe kwa sababu ya baridi.

Daktari mwenyewe aliitwa Nkuba, Msukuma wa Shinyanga, aliyesoma Uingereza miaka sita. Sayansi hiyo ilikuwa bado changa. Kwa miaka mingi waganga wa Ulaya walikuwa wamejaribu nyonga za kila namna, za pembe ya ndovu, za kioo, za chuma juu ya chuma, nazo zilivunjika, zilikwama au zililegea. Ni katika miaka ya sitini tu ilipofahamika kwamba kichwa kidogo cha chuma kikizunguka ndani ya kikombe cha plastiki nyeupe, ngumu, na vyote viwili vikashikwa na saruji yake maalumu, kiungo huteleza bila kuchubuka. Daktari Nkuba alipenda kuwaonyesha wagonjwa vitu hivyo kabla ya kuwakata.

"Shika, mama," alisema, akamwekea Severina mkononi kile chuma chenye kichwa cha mviringo kilichong'aa.

Severina alikigeuza huku na huku. "Hiki ndicho kitakachonibeba?"

"Ndicho."

"Kichwa kidogo hivi? Mimi ni mtu mzima, daktari. Nyonga hii ni ya kuku."

Lea aliuficha uso kwenye khanga. Daktari alicheka. "Udogo wake ndio akili yake. Kikiwa kikubwa kinasuguana sana, kinakwisha upesi. Hiki kitakuchukua miaka na miaka."

"Na magoti, kitapiga?"

Daktari hakuwa amelitarajia swali hilo. "Utatembea, mama. Utapanda kilima bila maumivu. Utalala usingizi usiku kucha. Lakini kuchuchumaa, kukaa kwenye kigoda, kukaa chini mkekani, hayo uyaage. Ukiikunja nyonga sana, itateguka."

"Nimeuliza magoti."

"Na magoti yamo humo humo."

Severina alimrudishia chuma chake, akaomba kutoka nje. Nilimkuta ameegemea ukuta wa wodi, upande wa jua.

"Umesikia, karani?" aliniambia. "Nimetoka Iringa kufuata magoti, napewa miguu."

Lea ndiye aliyemjibu. "Mama, Bibi yuko hatua mia mbili nawe humfikii. Kufika ukiwa umesimama si bora kuliko kutofika kabisa?"

Severina aliegemea ukuta ule mpaka kengele ya chakula cha mchana ilipolia. Kisha akavuta koti lake vizuri. "Mwambie Msukuma aniandike," alisema.

Chumba cha upasuaji kilioshwa siku tatu mfululizo, sakafu, kuta na dari, kikafungwa asiingie hata nzi, kwa maana uchafu mdogo ukiingia kwenye kiungo cha namna hiyo huharibu kazi yote. Mimi niliitwa kusoma saa, kwa kuwa saruji ile hukauka kwa dakika za kuhesabu. Nilivalishwa kofia na kitambaa cha mdomo, nikasimamishwa kwenye kona na kukatazwa kugusa chochote. Severina alikuwa amelala kwa nusukaputi. Saa ilipofika, daktari alichanganya unga mweupe na maji yake yenye harufu kali kama ya rangi mbichi, akaukanda mkononi kama mtu akandaye unga wa maandazi, na mimi nikaanza kutaja dakika kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Dakika ya nne aliujaza ndani ya mfupa, akausukuma mle ule mguu wa chuma, akaushikilia bila kutikisika. Chumbani ilisikika sauti yangu peke yake. Nilipotaja kumi na mbili aligonga kidogo kwa kidole, pakalia kama jiwe.

"Saruji imekauka," alisema. "Mama huyu sasa ni nyumba ya kudumu."

Neno hilo likatoka nje kabla ya mgonjwa mwenyewe. Siku mbili zilizofuata wanawake wa wodi walimwita Severina "Nyumba ya Misheni", wakamwuliza kama bati lake limefika. Aliyeongoza utani huo alikuwa Marta, mama mnene wa Tukuyu aliyevunjika mguu kwa kuanguka na mkungu wa ndizi, ambaye kitanda chake kilikuwa mkabala na cha Severina.

Mazoezi yalikuwa kazi ya kijana mmoja mrefu wa Rungwe, Isakwisa, mtaalamu wa viungo. Alimwekea Severina mto mnene katikati ya magoti, akakiinua kitanda chake juu ya matofali ili akikaa ukingoni nyonga isikunjike. Akamfundisha amri zake kila asubuhi kama katekisimu.

"Miguu?"

"Isipandane."

"Nyonga?"

"Isikunjwe."

"Kidole gumba cha mguu?"

"Kisitazame ndani."

"Amina," Marta aliitikia kutoka kitandani kwake.

Choo cha wodi kilikuwa cha shimo, cha kuchuchumaa, nacho kilikuwa hatari kwake. Basi fundi seremala wetu, Mzee Andendekisye, alimtengenezea kiti kirefu cha mninga chenye tundu katikati na mahali pa kuegemea mikono, akakipiga msasa na vanishi kama kiti cha askofu. Severina alikitazama kwa muda mrefu. "Fundi," alisema, "nyumbani kwangu sina hata kiti cha wageni kizuri hivi."

Siku ya tatu Isakwisa alimsimamisha. Nilikuwapo, na sura yake siwezi kuisahau. Aliyashika magongo mawili, akafumba macho kama mtu anayengoja kupigwa, akauweka mguu chini. Akangoja. Akafumbua jicho moja.

"Yako wapi?" aliuliza.

"Nini, mama?"

"Maumivu. Yako wapi?"

"Kidonda hakiumi?"

"Kidonda kinauma, ndiyo, kidonda ni cha juzi. Nauliza yale yangu. Yale ya miaka tisa." Akauweka uzito tena mguuni, akatikisika kidogo, na machozi yakaanza kumtiririka huku anacheka. "Wamemtoa mgeni ndani ya nyumba! Marta, amka uone! Ametoka!"

Kufikia siku ya kumi alikuwa akitembea kutoka mwisho mmoja wa wodi hadi mwingine, magongo yakilia ko, ko, ko, naye akiwasalimia wagonjwa kitanda kwa kitanda kama padre wa parokia.

Siku ya kumi na moja, majira ya saa nne asubuhi, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda chake kirefu, Lea akimsuka nywele. Mlango wa wodi ukafunguliwa bila kubishwa. Bibi Lusia akaingia. Hakuwa amemwambia mtu. Alikuwa amemsimamisha dereva wa lori la vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni, akamwamuru ampeleke Mbeya, na dereva, kama watu wote walioamriwa na Bibi Lusia, alitii. Alisimama pale na fimbo yake na kikapu cha mayai, akitafuta kwa macho.

Severina alimwona. Na kabla Lea hajakiachia kitana, kabla Isakwisa hajaufungua mdomo, mwili wa Severina ukateremka wenyewe kutoka kitandani na kwenda chini kwa magoti yote mawili, kichwa kimeinama.

"Kamwene, ma..."

Mlio ulisikika, si mkubwa, kama wa bua bichi la mahindi linapokunjwa. Severina akaanguka ubavu, mguu wake umegeuka ndani na kuwa mfupi kuliko mwenzake.

"Yesu na Maria!" Bibi Lusia alipiga kelele, mayai yakaenda sakafuni. "Nimemwua mkwe wangu kwa salamu!"

Kwa bahati njema Daktari Nkuba alikuwa hajaondoka. Severina alilazwa tena kwa nusukaputi, na daktari akapanda juu ya meza kwa magoti, akauvuta mguu kwa nguvu zake zote mpaka nyonga ikarudi mahali pake kwa kishindo. Picha ya eksirei ilionyesha kwamba hakuna kilichovunjika wala kulegea. Ila ilimbidi alale kitandani wiki tatu, mguu umefungwa, na kuanza upya.

Jioni ile daktari alikuja kitandani kwake, amekasirika kwa namna ya mtu aliyeogopa sana.

"Mama Lea, nilikukataza nini?"

"Ulimkataza Severina, daktari," alijibu kwa sauti ya uchovu. "Magoti yangu hukuyaambia."

Bibi Lusia alikuwa ameketi kando ya kitanda, hajaondoka hapo tangu asubuhi. Hakujua Kiswahili zaidi ya cha sokoni. Akanigusa kwa fimbo yake.

"Mwulize huyu bwana kama mama yake yu hai."

Nikauliza. "Yu hai, bibi," daktari alijibu. "Yuko Shinyanga."

"Ana mke?"

"Ninaye."

"Mkewe akifika kwa mama yake, humsalimiaje?"

Daktari aliivua miwani yake, akaanza kuifuta kwa pindo la koti. "Kwetu pia hupiga magoti."

"Haya. Mkewe akatwe, ashonwe, atiwe chuma. Halafu mama yake atokee mlangoni ghafla. Mkewe atafanya nini?"

Daktari aliirudisha miwani usoni. "Atapiga magoti, bibi."

"Sasa mtu aliyesoma miaka yote hiyo, mwenye mama na mwenye mke, alishindwaje kulijua hilo? Au shule yao inafuta mama kichwani?"

Mimi, kwa heshima ya daktari, nilitafsiri hivi: "Bibi anaomba jambo hili lifikiriwe."

"Karani!" Bibi Lusia alifoka. "Usinipunguzie. Nimesema maneno mengi, mdomo wako umetoa machache."

Ikanibidi niyaseme yote. Daktari Nkuba alianza kucheka, akacheka mpaka akaketi kwenye kitanda cha jirani, jambo ambalo yeye mwenyewe aliwakataza wauguzi. "Ni kweli tupu," alisema. "Sheria zile nilizibeba kutoka Uingereza kama zilivyo. Kule mgonjwa akitembelewa na mkwe wake hujifanya amelala."

Nilipolitafsiri hilo, wodi nzima ilivunjika kwa kicheko, na Severina akaomba wasimchekeshe kwa sababu mguu unauma.

Daktari alipoinuka alimwita Isakwisa. "Kumkataza hakutoshi," alimwambia. "Siku moja atasahau tena, na huenda akawa mbali na hospitali. Tafuta njia ya kupiga magoti ambayo haikunji nyonga. Kama ipo, mfundishe hiyo, mpaka mwili uizoee kuliko ile ya zamani. Kama haipo, tutalia wote."

Kesho yake Isakwisa alitandika blanketi katikati ya wodi, akavua viatu, akaanza kupiga magoti mbele ya wanawake kumi na wanane, huku akijitazama nyonga yake na kujipima kwa rula. Kijana yule maskini hakuwa amewahi kupiga magoti nje ya kanisa.

"Hapana, hapana," Marta alimwambia. "Hivyo ni fundi baiskeli anayetafuta pancha."

Akajaribu tena.

"Sasa ni mwizi anayechungulia mlango. Mwanangu, wewe ungeolewa Tukuyu ungerudishwa kwenu kabla ya chakula!"

"Nionyesheni basi ninyi!"

Wakamwonyesha. Waliokuwa na miguu mizima waliteremka mmoja mmoja, Mhehe kwa namna yake, Mnyakyusa kwa namna yake, Msafwa kwa namna yake, na Isakwisa akawazunguka akiandika kwenye daftari. Bibi Lusia aliketi kama hakimu. Ilikuwa siku ya tatu ya kazi hiyo ndipo Isakwisa alipoipata njia. Kuteremka kwa magoti yote pamoja hupitia mkunjo wa kuchuchumaa. Hapo ndipo hatari ilipo. Lakini mtu akishika fimbo, akaurudisha mguu wa chuma nyuma, akashuka wima mpaka goti la mguu huo liguse chini, basi ule mwingine, mzima, ndio unaokunjika. Nyonga ya chuma hubaki imenyooka. Goti moja chini, mgongo wima kama mshumaa, na kichwa kiiname kwa shingo, si kwa kiuno.

Daktari alikuja na mifupa yake ya kufundishia, akaigeuza-geuza, akakubali. "Lakini miezi mitatu," alisema, "nyama zipone kwanza. Si siku moja kabla."

"Goti moja," Severina alisema, akimtazama mkwe wake kwa wasiwasi. "Mama, goti moja ni salamu?"

Bibi Lusia alifikiri. "Lingine nitalidai mbinguni," alisema.

Tangu siku hiyo wodi ilipata desturi mpya. Muuguzi mmoja alisimama mlangoni saa za wageni, na kila mtu mzima alipokaribia alipaza sauti: "Mgeni anaingia! Mama Lea, tulia!" Bibi Lusia alikaa nasi wiki zote tatu, akilala katika nyumba ya ndugu wa wagonjwa, akipika uji na kuwagombeza wapishi wengine. Kila asubuhi aliingia wodini kwa hatua za haraka, akamwekea Severina kiganja kifuani kabla hajajitikisa, akamkandamiza kwenye mto wa kitanda. "Kamwene, na ulale hivyo hivyo," alisema. Severina alikiri kwangu kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kuguswa na mkwe wake mara nyingi hivyo.

Waliondoka mwezi wa Septemba, Severina akitembea kwa magongo mpaka kwenye basi, kile kiti cha mninga kikifungwa juu pamoja na magunia. Lea alituandikia kwamba katika kila kituo, kuanzia Chimala mpaka Mafinga, watu waliuliza ni chifu gani anayesafiri na kiti chake cha enzi, na mama yake akachoka kueleza, akawa anajibu kwamba chifu yuko ndani amelala.

Desemba hiyo mimi na Isakwisa tulitumwa Iringa kuwakagua wagonjwa waliorudi makwao. Tulifika kijijini kwa Severina mvua za kwanza zikiwa zimekwisha kunyesha, mahindi yamechomoza vidole viwili. Alikuwa akitungoja barabarani na fimbo moja tu. Alikuwa amefanya mazoezi juu ya godoro wiki tatu, Lea akimsimamia, na hakuwa amekwenda kwa mkwe wake hata mara moja tangu ile miezi mitatu itimie. Alitaka afike siku ambayo Isakwisa yupo.

Tukapanda kilima pamoja, Lea akitufuata nyuma. Sikuhesabu dakika safari hii, lakini zilikuwa chache. Isakwisa ndiye aliyehema. Juu uani, Bibi Lusia alikuwa akipepeta maharage. Alitusikia, akaweka ungo chini.

Severina alisimama hatua tano mbele yake. Aliishika fimbo kwa mkono wa kushoto. Akaurudisha mguu wa kulia nyuma, taratibu, akashuka wima, akashuka, akashuka, mpaka goti likaugusa udongo uliolowa. Isakwisa alikuwa amenishika mkono, ananifinya bila kujua.

"Kamwene, mama."

"Kamwene," Bibi Lusia alijibu. Akatulia, akajikohoza, akavuta khanga yake mabegani. "Hamjambo huko chini?"

"Hatujambo, mama."

"Lea hajambo?" aliuliza, kana kwamba Lea hakuwa nyuma yetu pale pale.

"Hajambo."

"Watoto wa Lea?"

"Wazima, mama."

"Wote?"

"Wote."

"Na yule wa kikohozi?"

"Amepona."

"Mahindi yameota?"

"Yameota, mama."

"Panya hawajafukua mbegu?"

"Kidogo tu, upande wa mtoni."

"Na kuku?"

Isakwisa alianza kuhangaika. "Bibi," alisema, "tafadhali, zifupishwe kidogo. Ni mara yake ya kwanza."

Nikamtafsiria. Bibi Lusia hakugeuza hata shingo. "Mwambie anyamaze. Hapa kuna salamu za miaka sita." Akamtazama Severina pale chini, mgongo umenyooka, kichwa kimeinama kwa shingo tu kama alivyofundishwa, na sauti yake ikalainika kuliko nilivyowahi kuisikia. "Kuku, nimeuliza."

"Hawajambo, mama," Severina alisema. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na sikuweza kujua kama analia au anacheka. "Jogoo tu ndiye aliyekufa."

"Yule mwekundu?"

"Yule mwekundu."

"Pole. Alikuwa na kelele." Bibi Lusia akaushika tena ungo wake. "Haya, inuka."

Severina aliukaza mguu wa kushoto, akaegemea fimbo, akainuka peke yake. Kwenye goti lake la kulia palikuwa na duara la udongo mwekundu. Lea alinyosha mkono kulipangusa, na mama yake akaupiga mkono ule kofi dogo, akausukuma kando.

"Uache," alisema. "Kesho kanisani watauona."